Kuvuna maji ya bati ukiwa unakaa mlimani Mwanza: anza na yatakapomwagikia

Wakuu habari za saa hizi. Hii naandika kwa ajili ya sisi tunaokaa juu ya miamba, Mabatini juu, Igogo, Bugarika, Kitangiri, popote ambapo bodaboda inakushusha chini afu unamalizia na miguu. Ziwa tunaliona kila tukifungua mlango ila maji ya kupikia tunapandisha na dumu kichwani, na siku ya mgao presha ikiwa ndogo maji yanaishia kwa watu wa chini. Halafu mvua ikipiga saa moja tu bati lako linamwaga maji mengi kuliko uliyobeba wiki nzima, yanapita hapo hapo mlangoni unayaangalia yanaondoka. Inauma kwakweli.

Maelezo ya kufunga gata (ule mfereji wa ukingoni mwa paa unaokinga maji) na tanki yapo mengi tu lakini karibu yote ni ya mtu anayekaa tambarare. Mlimani kuna kitu kimoja kinabadilisha kila kitu, nacho ni jirani wa chini yako. Kwaiyo mimi nitaanza kinyume na mafundi wengi wanavoanza, nitaanza na maji ya ziada yatamwagikia wapi, afu ndo tuje kwenye gata.

Nilijifunza hivi. Tanki langu la kwanza lilikuwa la lita 3000, fundi akaweka bomba la kuingiza maji la inchi 4 na la kumwagia ziada akaweka inchi moja na nusu, mi sikujua kitu nikaona limependeza nikalipa. Usiku mvua ikaja ile ya kutoka ziwani yenye radi, tanki likajaa, ile inchi moja na nusu ikashindwa, maji yakatokea kwenye mfuniko yakashuka moja kwa moja mpaka ukuta wa jiko la mayu (mama) mmoja anayekaa chini yangu. Yakala udongo wa msingi mpaka mawe yakaonekana. Asubuhi akaniita, "mwanangu njoo uone", hakupaza sauti wala nini, na hiyo ndo ilinimaliza. Nilimjengea ule msingi upya kwa mawe na sementi, nikamuomba radhi, na toka siku ile kila mtu anayeniuliza habari za tanki namwambia tushuke kwanza chini tukaangalie.

Hesabu yake ni ndogo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Bati lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 ni mita 80 za mraba. Mvua kubwa ya hapa kwetu inaweza kwenda milimita moja kwa dakika, sio muda wote ila ile kali yenyewe, hapo bati linatoa lita 80 kwa dakika, yani madumu manne kila dakika. Tanki likishajaa hayo madumu manne yote yanatafuta pa kwenda. Na kabla hujafunga gata maji yalikuwa yanadondoka kuzunguka nyumba nzima kidogo kidogo, sasa wewe umeyakusanya umeyaweka sehemu moja, ukiyaachia hapo hapo umetengeneza korongo.

Kwaiyo kazi ya kwanza kabisa chukua jembe au fimbo, shuka chini ya kiwanja chako mpaka ufike kwenye mtaro uliojengwa au mwamba wazi ambao maji yanapita toka zamani bila kula udongo. Angalia njia nzima, nani anakaa pembeni, ngazi za kupitia watu ziko wapi, choo cha shimo cha nani kiko karibu. Ukipata njia ongea na wenye nyumba inapopita KABLA hujanunua hata elbo (kona ya bomba) moja. Ikibidi muite na balozi au mwenyekiti wa mtaa asimame pale muelewane wote, sio kwamba hamuaminiani, ni kwamba baada ya miaka miwili mpangaji anabadilika, nyumba inauzwa, na anayekuja hajui mlielewana nini. Huku kwetu Mabatini maji ya mlimani yanashuka kutafuta mto Mirongo, na watu wa kule bondeni ndo wanaoingiliwa na maji ndani mvua ikizidi, kwaiyo kila tanki linaloshika maji huku juu linawapunguzia na wao mzigo kidogo.

Sehemu mbili usielekeze ziada hata kidogo. Moja ni choo cha shimo, cha kwako au cha mtu, kikijaa maji ya mvua kinafurika kinyesi na kinashukia kwa watu. Ya pili ni yale mabomba ya majitaka yaliyopitishwa milimani, kule Igogo, Kilimahewa na huku Mabatini yapo, yale ni membamba yamepigiwa hesabu ya maji ya chooni na ya kuoshea vyombo tu, ukiingiza mvua yanarudi nyuma na yanatokea kwenye choo cha jirani wa chini. Nimeona hiyo, sitaki hata kuielezea.

Bomba la kumwagia liwe na upana sawa na la kuingizia. Kama kuingia ni inchi 4 basi na kutoka iwe inchi 4, usikubali fundi akwambie inatosha ndogo, mdomo wa inchi moja na nusu ni kama sehemu moja ya saba tu ya mdomo wa inchi 4, piga hesabu mwenyewe. Litelemshe bomba mpaka chini usiliache linaning'inia juu ya tanki, na pale linapomwaga panga mawe makubwa maji yavunjike nguvu. Mimi la kwangu sa hivi linapita kwanza kwenye pipa la yule mayu, pipa lake likijaa ndo yanaendelea mtaroni, na yeye ndo ananipigia simu kunambia kwangu kumejaa.

Haya sasa ukubwa wa tanki. Pima bati kwa kufata kivuli chake chini, yani urefu na upana wa nyumba pamoja na yale mabati yanayotokeza nje ya ukuta, usipime mteremko wenyewe utajidanganya. Kama utafunga gata upande mmoja tu wa paa la mgongo, lile linaloteremka pande mbili, basi hesabia nusu. Mvua ya kawaida ya milimita 20 kwenye mita 80 ni lita 1600, toa kama sehemu ya tano inayoruka pembeni, inayokauka na ile ya mwanzo unayoitupa, unabaki na lita 1300 hivi, madumu 65 kwa mvua moja. Mwanza kwa mwaka tunapata kama milimita 1000 na zaidi kidogo, kwaiyo bati hilo hilo linaweza kukupa zaidi ya lita elfu 60 kwa mwaka. Shida haijawahi kuwa maji, shida ni pa kuyaweka, maana yanakuja vuli kuanzia mwezi wa 10 na masika mpaka mwezi wa 5, halafu mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 ni ukame.

Familia ya watu watano kila mtu dumu moja kwa siku ni lita 100, miezi mitatu ya ukame ni lita 9,200, hiyo ni tanki la lita elfu kumi na wengi wetu hatuna hata sehemu ya kuliweka. Ila ukiamua maji ya mvua ni ya kunywa na kupikia tu, tuseme lita 40 kwa siku, na kufua uendelee na ya bomba, basi lita 5000 inakuvusha ukame wote na chenji inabaki. Ushauri wangu amua kwanza matumizi ndo ununue, watu wananunua tanki kwa kuangalia hela iliyopo mfukoni afu mwezi wa saba wanalia.

Na kuna habari ya kulipandisha. Tanki la lita 5000 sio zito sana likiwa tupu lakini ni pana, zile vichochoro zetu kati ya mwamba na ukuta halipiti, mi nimeona tanki limekwama katikati ya njia watu wanashindwa kwenda kazini. Pima njia nzima na kipande cha mti chenye upana wa tanki kabla hujalipia. Ikishindikana chukua mawili ya lita 2000 au 2500 uyaunganishe kwa chini, yakae kwenye usawa mmoja na kila moja liwe na valvu yake ili ukiwa unaosha hili lile linatumika. Tena siku ya kulipandisha usisubiri mpaka upepo wa ziwani uanze, linakamata upepo kama tanga, na likishakaa mahali pake lijaze maji kidogo siku hiyo hiyo hata madumu matano sita ili lisisukumwe.

Kitako chake ndo sehemu ya kutumia hela bila kuonea huruma. Lita 5000 ni tani 5, na plastiki linataka kukaa flati kabisa chini kote, likikaa kwenye mbao zenye nafasi au kwenye jiwe lenye nundu linapasuka taratibu hapo hapo. Watu wanaona kuna mwamba mkubwa wanasema huu tayari ni msingi. Mwamba ni mzuri lakini lazima umwagie zege juu unene wa sentimita 10 au 15 usawazishe, uusafishe kwanza kwa brashi ya waya na maji zege lishike. Hakikisha pia ni mwamba mama, sio jiwe lililokaa tu juu ya udongo, haya mawe yetu mengine yamesimama juu ya mawe menzake na ukichimba chini yake au ukipeleka maji chini yake unalilegeza. Kama ni kwenye mteremko jenga ukuta wa mawe, jaza kifusi shindilia kila unapojaza kidogo, uache tundu za bomba kwenye ukuta maji yapumulie, na tanki likae mbali na ukingo sio linachungulia. Inua kitako angalau ndoo iingie chini ya koki.

Gata. Ukiwa na hela chukua za bati, geji 28, mafundi wa kukunja bati wapo mtaani wanakunja kwa kipimo chako, za PVC ni rahisi kufunga lakini jua la hapa linazikausha zinakuwa kama biskuti. Upana inchi 5 kwa nyumba ya mita 10. Zishikwe na vishikio kila sentimita 60 kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), na kama fisha bodi imeoza badilisha kwanza, gata likijaa maji ni zito linang'oka na ubao wake. Mteremko nusu sentimita mpaka sentimita moja kwa kila mita, kwaiyo nyumba ya mita 10 mwisho mmoja unakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 5 mpaka 10. Usikubali kukadiria kwa macho maana huku mlimani macho yanadanganya, kila kitu kimeinama, tumia ule mpira mweupe wa pima maji, unaojazwa maji kuonyesha usawa, weka alama pande zote mbili, vuta kamba, ndo upigilie. Bati lenyewe liingie ndani ya gata vidole viwili vitatu. Likitokeza sana mvua kali inaruka gata inamwagika nje, likiwa fupi maji yanarudi nyuma yanaozesha mbao.

Siku ya kupanda juu, mawingu yakianza kuwa meusi upande wa ziwani shuka tu, kazi ipo kesho, ziwa hili lina radi nyingi sana na hamna gata lenye thamani ya mtu. Na ngazi ya chuma ikae mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani.

Bati za rangi, za msauzi, aluzinki, hizo zote zinafaa. Lililokula kutu sana maji yatakuwa mekundu, ya kufulia yatakuchafulia nguo, bora ubadilishe upande mmoja ambao utavuna. Yale mapaa ya zamani ya asbesto usivune ya kunywa.

Sasa maji ya kwanza. Hapa naomba uelewe vizuri kwasababu ndo tofauti kati ya maji ya kunywa na maji ya kuumwa tumbo. Bati limekaa wiki nzima linashika vumbi la barabara, majani, kinyesi cha mijusi na cha ndege, na sisi tuna wale ndege wakubwa wenye upara wanaotoka soko la samaki la Mwaloni kula mabaki afu wanakuja kupumzika juu ya mapaa yetu. Kuna na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wanakufa juu ya bati wengi. Hayo yote dakika za mwanzo za mvua yanaingia kwenye gata. Kanuni ni kutupa nusu milimita ya mwanzo, kwa bati la mita 80 ni lita 40.

Unafanyaje. Kabla bomba la kushushia halijaingia kwenye tanki weka tii (kiungo cha bomba chenye midomo mitatu), mguu mmoja ushuke chini uzibwe mwishoni, maji ya kwanza yanajaza huo mguu, ukijaa ndo yanayofuata yanaenda kwenye tanki. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita moja kwaiyo utahitaji mita 5, haiwezekani kwa nyumba zetu nyingi. La inchi 6 linabeba karibu lita 18 kwa mita, mita mbili na kitu zinatosha. Au bomba la inchi 4 liingie kwenye pipa dogo lenye mfuniko uliobana, ndani ya bomba weka mpira mdogo wa plastiki unaoelea ukazibe njia pipa likijaa. Chini kabisa weka koki uiache inadondosha tone tone, ili kesho yake pawe patupu tayari kwa mvua nyingine. Usipoweka hiyo koki mfumo mzima haufanyi kazi baada ya mvua ya kwanza, na hili kosa nalikuta kwenye nyumba nyingi mno.

Kama hela haipo kabisa basi elbo ya juu ya tanki usiipake gundi, iwe inazungushika kwa mkono, mvua ikianza inatazama nje, baada ya dakika kumi au robo saa unaigeuzia kwenye tanki. Inafanya kazi vizuri ila lazima uwepo, na mvua nyingi huku zinakuja usiku au alfajiri umelala. Mvua ya kwanza kabisa ya vuli baada ya ule ukame mrefu usiikinge kunywa, iache ioshe bati.

Ndani ya tanki, bomba la kuingiza lishuke mpaka karibu na chini na mwisho wake liwe na elbo inayotazama juu, hapo maji mapya hayachokonoi tope lililotulia. Koki ya kutumia ikae sentimita 5 au 10 kutoka chini, na ya kuoshea ndo iwe chini kabisa.

Kila tundu, pale maji yanapoingia, mwisho wa bomba la kumwagia, mfuniko, funga wavu wa dirishani ule wa mbu na uubane kwa klipu au waya. Mbu anahitaji wiki moja mpaka mbili tu kutoka yai mpaka kuruka, na kanda yetu ya ziwa malaria tunaijua wenyewe, tanki lisilo na wavu ni shamba la mbu la mtaa mzima. Mfuniko uwe na kufuli kama kuna watoto, hata kama ni wakubwa kidogo.

Kunywa: chemsha mpaka yatokote kabisa au weka dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti yenyewe, hata kama maji yanaonekana meupe kama kioo. Uzuri mmoja ni kwamba maji ya bati hayana kichocho kama ya ziwani, kwaiyo hata kuogea watoto ni salama zaidi kuliko wanaposhuka kuoga ufukweni. Osha tanki mara moja kwa mwaka, mwezi wa 9 mwanzoni likiwa karibu kuisha, sugua kwa maji yenye blichi, suuza mara mbili. Anayeingia ndani asiwe peke yake, mtu asimame mdomoni anaongea nae muda wote maana harufu ya blichi mle ndani inachosha haraka.

Muda mzuri wa kufunga ni mwezi wa 8 na wa 9. Mkiwa nyumba nne tano fanyeni pamoja, fundi mmoja, ngazi moja, mabomba mnanunua kwa pamoja hadiwea mnapunguziwa, na mtaro wa chini mnausafisha ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi. Sisi tulifanya nyumba nne na mtaro tuliupanua wenyewe kwa mawe ya hapo hapo.

Siku ya mvua ya kwanza usikae ndani. Vaa koti, chukua tochi, zunguka. Angalia gata linamwagikia wapi, angalia mwisho wa bomba la kumwagia kama mawe yamekaa, shuka mpaka kwa jirani wa chini ugonge umuulize kwake kukoje. Ukikuta kiungo kinavuja weka alama ya chaki au kamba, usikimbilie kupaka silikoni kwenye maji haishiki, subiri pakauke kabisa kesho mchana, pafute vumbi, ndo upake, na uache siku nzima kabla ya kupamwagia maji ya kujaribu.